Niliumwa mwili mzima, watafiti wakaniandika kundi la wazima

Wakuu, habari za mchana. Salamu kutoka Kigera, Musoma.

Kabla hamjaomba picha, sina. Kabla hamjasema ni chai, yaani nimetunga, wekeni vikombe chini. Ninachoandika kimenipata mimi, kwenye mwili huu huu ninaoukalia sasa hivi, na baadhi ya wahusika wanasomaga jukwaa hili kimya kimya bila kuchangia. Wifi, kama upo, karibu, kaa vizuri.

Nitajitahidi kufupisha ingawa sijui kufupisha. Mwenye haraka aruke.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Watoto watatu, mkubwa anaitwa Magesa, kwa hiyo huku mimi ni Mama Magesa. Kwetu ni Bunda, wazazi wangu ni wakulima wa pamba, kwa hiyo asije mtu hapa kunifundisha jembe. Nilishika jembe kabla ya kalamu. Ukweni ni Butiama. Hapa Musoma mume wangu anatunza stoo ya vifaa vya ujenzi, mimi nashona nguo, nina cherehani mbili na kibanda.

Sasa, ukoo wa mume wangu una utaratibu wao. Ukifika msimu wa palizi, wake wote wa watoto wa kiume wanarudi Butiama kulima shamba la wazee. Uwe mwalimu, uwe nesi, uwe na cheo gani sijui, unafunga kanga unaingia kwenye mahindi. Miaka ya mwanzo nilikuwaga naongoza mstari. Mama mkwe alikuwaga ananitolea mfano kwa wenzangu mpaka wakanichukia.

Baada ya mtoto wa tatu mambo yakabadilika.

Yalianza maumivu ambayo hata kuyaeleza ni aibu. Leo bega, kesho nyonga, keshokutwa taya. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mtu akinisalimia kwa kunibana mkono, nasikia mpaka kwenye jino. Kichwa nacho kikawa kizito, nasahau. Kuna mama mmoja nilimshonea gauni la harusi ya mwanae, kipimo cha kiuno nikakiandika kwenye mkono. Lile gauni, mikono yake ungeweza kuhifadhia mahindi.

Nikaanza safari ya kutafuta tiba.

Wakuu, kama hujawahi kuumwa ugonjwa usioonekana, hujaijua nchi hii. Ndani ya mwaka mmoja niliambiwa nina taifodi mara tatu. Nikaambiwa yutiai. Nikaambiwa gesi. Nikaambiwa damu imepungua, mwezi uliofuata nikaambiwa damu imezidi. Nimechomwa sindano mpaka muuza duka la dawa akiniona kwa mbali anaanza kuvunja kichupa. Nikapiga eksirei ya mgongo, daktari akaishika juu kwenye mwanga akaniambia, "Mama, una mgongo mzuri sana." Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Jirani akaniletea virutubisho, akasema mwili wangu umejaa sumu. Nikavimeza. Kilichotoka ni akiba yangu.

Nikaenda kuombewa. Mtumishi akasema ni pepo la uchovu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso akanisukuma, nikaanguka kwa nyuma. Kanisa zima likapiga makofi. Sina ugomvi na maombi, naendelea kusali mpaka leo, ila wale wadada wa kudaka siku ile walichelewa. Pepo lilitoka kichwani likahamia kiunoni.

Na popote nilipopimwa, neno la mwisho lilikuwa moja: vipimo viko safi.

Hilo neno lilinimaliza. Mume wangu alikuwaga analibeba kama lilivyo mpaka Butiama. "Vipimo viko safi." Na Butiama wana tafsiri yao. Kama vipimo viko safi na mtu halimi, basi ni mvivu.

Niseme kidogo kuhusu mume wangu, maana najua mtamuulizia. Si mtu mbaya. Hanywi, hapigi, watoto anawapenda. Ila ni mkimya, yaani ukimuuliza jambo Jumatatu, jibu linafika Alhamisi. Na mbele ya baba yake halifiki kabisa.

Aliyekuwa na maneno ni wifi yangu, dada yake mume, tumuite Nyangeta. Wifi anaishi hapo hapo kwa wazee. Shamba lake mwenyewe lina magugu ya kuficha digidigi, lakini la kwangu la kulimishwa alikuwa analijua tuta kwa tuta. Msimu wa pili nilipoomba nibaki jikoni nipike badala ya kupalilia, akasema, "Huyu anaumwa jembe tu. Kijiko hakimuumi."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Taratibu wifi akaanza kampeni. Kuna binti kijiji cha jirani, ana adabu, ana mgongo wa kazi, familia inajulikana. Kaka aongeze mke. Mzee, yaani baba mkwe, hakukataa wala hakukubali. Alisema baada ya mavuno kitaitwa kikao.

Kikao cha kuongelea mgongo wangu, wakuu. Mgongo ambao eksirei imeusifia.

Niliogopa sana, sitaki kuwadanganya. Nimejenga na yule mwanaume kuanzia chumba kimoja. Sikuwa tayari kupisha njia kwa sababu ya magugu.

Sasa hapo ndipo utafiti ulipoingia.

Mwezi wa palizi nikaenda Butiama kama kawaida, nimemeza vidonge viwili vya maumivu asubuhi. Tulipokuwa tunajiandaa kwenda shamba akaja mwenyekiti wa kitongoji na kaka mmoja mrefu aliyevaa fulana ya utafiti na kubeba tableti. Akajieleza vizuri tu. Wanafanya utafiti wa maumivu ya muda mrefu ya misuli, viungo na mifupa katika wilaya zetu. Wanahoji watu wazima waliolala kwenye kaya usiku wa jana. Mimi nililala hapo. Jina langu likaingia.

Nikasema Mungu si Athumani. Miaka yote natafuta mtu wa kuniuliza naumwa wapi, leo kaja mwenyewe mpaka mlangoni.

Kaka wa watu akauliza kama kuna sehemu ya faragha. Mzee akasema, "Faragha ya nini? Hapa ni kwangu. Uliza." Akavuta kiti chake akakaa. Wifi naye akavuta ungo wa mahindi akakaa mlangoni kupukuchua, wakati siku zote kupukuchua anasemaga kunamchubua vidole.

Kwa msiojua taratibu zetu, niwaeleze. Mwanamke aliyeolewa hampi mkono baba mkwe. Hakai kwenye kiti chake. Hapiti mbele yake akiwa amekaa. Na habari za mwili hazitajwi. Kati ya shingo na magoti, mbele ya baba mkwe, mwanamke hana kitu. Ni hewa tupu imefungwa kanga.

Sasa yule kaka akafungua tableti, kuna picha ya mwili wa mtu, mbele na nyuma, hana nguo. Akasema, "Mama, nionyeshe sehemu zote unazosikia maumivu."

Mzee akaomba aone. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akairudisha tableti.

Maswali yakaanza.

"Bega la kulia?"

"Hapana."

"Mgongo wa chini?"

"Hapana."

"Nyonga? Makalio?"

Aisee. Nilimwangalia yule kaka kwa macho ya kumuomba. Yeye anaangalia tableti yake. Mzee anaangalia paa. Wifi amesimamisha punje mkononi.

"Hapana. Namshukuru Mungu."

"Mapaja?"

"Hapana."

"Usingizi unapata vizuri? Kitandani unageuka geuka?"

Jamani. Habari za kitanda mbele ya baba mkwe! "Nalala vizuri."

"Je, maumivu yanaathiri tendo la ndoa?"

Mzee akainuka akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walishaenda malishoni tangu asubuhi. Nikafikiri hapa ndipo pa kusema ukweli, lakini wifi yupo mlangoni na shingo imerefuka. Nikasema hapana. Mzee akarudi, akaniona bado nimeinamisha kichwa, akakaa.

Mwisho akaniuliza, kwa jumla, kati ya sifuri na kumi, sifuri hakuna maumivu na kumi ni maumivu yasiyovumilika, wewe uko ngapi?

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimekunja miguu upande mmoja, nyonga inawaka moto, jasho linanitoka mgongoni.

"Sifuri," nikasema.

Yule kaka akafurahi kweli. Akaeleza kwamba utafiti wao unahitaji pia watu wasioumwa, ili wawalinganishe na wanaoumwa, na kwamba mimi nafaa sana. Akaniandikia kadi ya kwenda kupimwa Musoma tarehe fulani. Akanipa mche wa sabuni, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hongera mama, wewe umeingia kundi la wazima."

Wifi akasimama na ungo wake. "Si nilisema? Wataalamu hao!"

Kabla ya chakula cha mchana kitongoji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba serikali imekuja na kompyuta kumpima mke wa mtu na kukuta ni mvivu. Ile haikuwa serikali, na kaka wa watu hakunipima hata mapigo ya moyo. Lakini nani angesikiliza? Mchana huo nilipalilia matuta manne kama mzima, usiku sikuweza kunyanyua kikombe cha uji.

Najua kuna mjuvi atauliza kwa nini sikusema ukweli tu. Mjuvi, wewe hujaolewa Butiama. Pita.

Siku ya kadi ilipofika nikaenda. Mume aliniuliza naenda kufanya nini kama siumwi. Nikamwambia naenda kuwa mzima. Ukweli nilienda kwa sababu nilijua huko ndani hakuna mzee na hakuna mlango wenye wifi.

Nikapokelewa na dokta mwanamke, rika langu, mchangamfu. Akasema wewe ni mzima kwa hiyo hatutachukua muda. Akatoa kifaa kimekaa kama bastola, mbele kina kofia ndogo ya mpira. Akaeleza kwamba atakikandamiza sehemu mbalimbali za mwili taratibu, nguvu inaongezeka kidogo kidogo, na mimi niseme "basi" pale ninapohisi kukandamizwa kumegeuka kuwa maumivu.

Akakiweka begani.

"Basi!"

Akasema, "Mama, sijaanza."

Akakiweka kwenye kiwiko. Basi! Kwenye goti. Basi, jamani! Dokta akakunja uso, akakiangalia kile kifaa, akakitikisa. Akasema labda kimeharibika. Akajikandamiza mwenyewe begani, akaendelea, akaendelea, anaangalia dirishani kama mtu anayesubiri chai. Akaangalia namba. Kifaa kizima.

Akafungua faili langu. "Mbona huku umejibu sifuri kote?"

"Baba mkwe alikuwepo."

Dokta alicheka, wakuu. Alicheka mpaka akashika meza, nikaanza kucheka na mimi. Halafu akaacha ghafla. Akaniuliza, "Alikuwa amekaa wapi?"

"Kama hapo ulipo wewe."

Hakucheka tena. Akafungua mlango akamwita mwenzake, akamuuliza mbele yangu: wale wanawake wa vijijini tuliowaandika wazima, walihojiwa wapi? Mwenzake akajibu, majumbani kwao. Mbele ya nani? Mwenzake akaanza kusema habari za mazingira ya kazi na changamoto za faragha. Mnajua mtu akianza kusema changamoto.

Dokta akakaa. Akaniambia kitu ambacho hata leo nikikumbuka nacheka kwa hasira. Kwamba maumivu kama yangu, sehemu nyingi yalipochunguzwa, wanawake ndio wanaoonekana kuumwa zaidi. Lakini majibu ya huku kwetu yalikuwa yamegeuka: wanaume wanaumwa, wanawake walioolewa wazima wa afya. Wenzake walikuwa wameanza kuandika kwamba huenda kazi ya shamba inamkinga mwanamke na maumivu.

Inamkinga!

Yaani mtu na shahada zake amekaa ofisini anaandika kwamba jembe ni dawa, kwa sababu wanawake wote wa wilaya wameulizwa habari za makalio mbele ya baba mkwe. Nilimwambia dokta, dada yangu, mngetangaza hiyo, wifi yangu angeichapa kwenye fulana.

Nimsifu lakini. Hakujitetea. Aliomba radhi, akasema kosa ni la kwao, sio la wanawake waliosema hapana. Akasema watarudia kaya zote.

Halafu akaniuliza yale maswali upya, mlango umefungwa. Wakuu, nilisema. Nilisema kuanzia taya mpaka kisigino. Namba nilimpa nane, na hiyo nane nilimbakishia heshima. Alikuwa anaandika tu, hanikatizi. Nikajikuta nalia bila kujua nalilia nini, maana siku hiyo hata mwili haukuwa umeuma sana kuliko siku nyingine.

Akanipeleka kliniki. Wakanipima damu na viungo ili kuondoa magonjwa mengine yanayofanana, na ilichukua wiki kadhaa. Mwisho nikapewa jina: fibromaialjia. Alinieleza hivi. Maumivu ni ya kweli, siyatungi. Misuli na mifupa haijaoza, ndio maana picha zinatoka safi. Shida ipo kwenye mfumo wa fahamu unaopeleka na kupokea habari za maumivu, umekuwa mwepesi kupita kiasi. Ni kama alamu ya gari iliyotegeshwa vibaya, paka akipita tu inapiga kelele mtaa mzima. Akasema bado wanasayansi wanatafuta kwa nini inampata huyu na kumuacha yule, hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuionyesha, na hakuna dawa ya kuimaliza. Kuna ya kuituliza.

Nikauliza dawa gani. Akasema kidonge kidogo cha jioni, usingizi wa saa zile zile, na mazoezi ya kuongeza taratibu.

Mazoezi! Nimekuja nimebebana na nyonga zangu, naambiwa nikatembee. Nilitoka pale nimenuna. Ila nimetembea, dakika kumi, kumi na tano, kutoka Kigera kushuka kuelekea ziwani na kurudi. Sijapona. Siku mbaya zipo. Lakini siku nzuri sasa ninazo, zamani sikuwa nazo.

Tatizo ni kwamba kikao kilikuwa hakijaahirishwa.

Mavuno yakaisha, tukaitwa. Jumapili baada ya ibada. Mzee, baba wadogo wawili, mama mkwe, wifi, mume wangu, na mimi kwenye mkeka kama mshitakiwa. Baba mdogo mmoja akafungua kwa maombi, akaomba Mungu atupe hekima. Wifi akasema amina kubwa kuliko wote.

Mzee akaeleza shauri. Akasema mkwe wetu hajatukosea, lakini shamba halisubiri, na wataalamu walifika hapa hapa wakamuona ni mzima.

Nilikuwa na cheti cha kliniki kwenye pochi. Nilikitoa, kikapita mikononi. Wifi akajaribu kulisoma lile jina akaishia katikati. Akasema, "Hata Kiswahili hakiujui huu ugonjwa." Baba mdogo akasema karatasi ni karatasi, na ile ya mwanzo nayo ilikuwa karatasi. Mzee akasema tushike ipi?

Hapo nikaona kwamba nikiendelea kuwa na adabu, nyumba inaondoka.

Nikasema, "Baba, nisamehe. Siku ile nilikudanganya."

Akaniangalia.

Nikaanza kuhesabu. Baba, bega linauma, yote mawili. Mgongo unauma, juu na chini. Nyonga zinauma. Makalio yanauma, ndio maana unaniona nakaa upande. Mapaja yanauma. Usiku silali, nageuka mpaka kunakucha. Na lile swali lililokupeleka kuangalia ng'ombe, jibu lake ni ndiyo.

Baba mdogo mmoja alishika kofia yake akaanza kuichunguza ndani. Mzee uso ulikuwa umegeuka pembeni kabisa. Mimi najua nimevunja kitu ambacho hakirudi.

Wifi akapata njia. "Mmesikia wenyewe! Mwanamke hana haya! Mama, si umsikie?"

Sote tukamgeukia mama mkwe. Nilijua nimekwisha. Yule mama hajawahi kulalamika tangu nimfahamu. Amezaa tisa, amelima misimu yote.

Akasema kwa ukali, ananiangalia mimi: "Mimi hayo yote niliyapata. Yote uliyoyataja. Mbona nililima?"

Wifi akapiga kofi. "Mnaona!"

Lakini Mzee aligeuka. Taratibu, kwa mwili mzima. Akamuuliza mkewe, "Uliyapata lini?"

"Tangu mtoto wa pili."

"Mbona hukuniambia?"

Wakuu, sijawahi kumuona yule mama vile. Alimwangalia mumewe kwa muda, kama anaamua kitu. Akasema, "Ningekuambia saa ngapi? Mama yako alikuwa amekaa hapo. Alipokufa ukakaa wewe."

Halafu akawageukia wote, na sauti haikuwa ya kunitetea, msije mkadhani tulikumbatiana. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema, "Leteni huyo binti. Shamba ni lile lile, ndoo ni ile ile. Baada ya watoto watatu naye ataumwa. Mtaleta mwingine. Mtaoa mpaka lini?"

Mzee akamuuliza mume wangu, wewe unasemaje?

Mume wangu akasema, "Mimi mke mwingine sitaki. Sikuwahi kutaka."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Miaka yote nimekonda kwa hofu, mwenzangu alikuwa anasubiri zamu ya kuulizwa. Nimemsamehe kwa awamu, bado awamu moja.

Kikao kikaisha bila kufungwa. Hakuna aliyeomba hekima tena, naona walikuwa nayo ya kutosha. Baba mdogo alisema anawahi ng'ombe, na wale angalau walikuwepo. Tangu siku hiyo habari ya binti hatujaisikia. Msimu huu palizi Mzee ametafuta vibarua, na mimi nakaa kivulini nashona sare za shule za wajukuu wake. Wifi ananisalimia kwa kifupi. Mama mkwe bado ananiambia ugali wangu una mabonge.

Wiki mbili zilizopita watafiti walirudi Butiama, nilikuwepo. Safari hii walikuja wadada watupu. Walisema kabisa kwamba wanawake wanahojiwa peke yao, ndani, mlango umefungwa, na wanaume wasubiri uani. Mama mkwe aliitwa wa kwanza.

Tukakaa nje. Nusu saa ikapita. Saa moja ikapita. Mzee anatembea, anakaa, anasimama tena, anaangalia ule mlango. Mwisho akaniita, jambo ambalo si kawaida yake, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mkwe, wanafanya nini humo muda wote huo?"

Nikamwambia, "Bado wanahesabu, Baba."

Akarudi kwenye kiti chake. Akavua kofia akaiweka magotini, na hakuuliza tena.

Wakuu, nilichojifunza mimi ni hiki. Mtu akikuambia vipimo viko safi, muulize amepima nini. Ukiona unaumwa mwili mzima miezi na miezi, usiishie duka la dawa, tafuta kliniki ikuangalie kwa utulivu, maana magonjwa yanayofanana ni mengi. Na nyie watafiti mliomo humu, kabla ya kuuliza swali lenu zuri, angalieni nani amekaa kwenye kiti.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye hali kama yangu njooni tusemezane, na mwenye daktari mzuri Bunda amtaje kwa inbox. Wenye kutukana pia karibuni, nimeshatukanwa na wifi, nyie hamna jipya.

Ila wale vijana mnaoandikaga humu kwamba wanawake wa siku hizi walegevu, mama zenu walilima na hawakuwahi kuumwa, kabla ya kunijibu kamuulizeni mama kwanza. Mkiwa peke yenu naye. Mlango umefungwa. Na mbebe kiti, mtakaa sana.